Mwalimu wa Miguu Peku

Sharubati, aliyepewa jina hilo kwa utamu wa ulimi na si kwa lolote jingine, aliwaona asubuhi moja kwenye uwanja nyuma ya benki: watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao, wanakimbia huku nyuso zimekunjamana. Vitambi havikumhusu. Macho yake yalikuwa chini, kwenye viatu. Kila mtu alivaa jozi ya maana, nyepesi, yenye rangi za kupiga kelele.

Jioni alimpelekea habari shemeji yake, muuza mitumba, ambaye kochi lake ndilo lililokuwa kitanda cha Sharubati tangu mkewe amfungie mlango.

"Shem, mzigo nimeuona. Tatizo ni kwamba ndani ya kila kiatu kuna mtu."

"Watoe," shemeji akasema bila kuinua macho kwenye sahani. "Dada yangu alikufukuza, mimi nimekusitiri. Mwisho wa mwezi, ama mzigo uingie kwenye pikapu yangu, ama wewe utoke kwenye kochi langu."

Kumtoa mtu mzima kwenye kiatu chake kunataka elimu. Sharubati hakuwa nayo, kwa hiyo aliivaa: suti ya michezo ya kuazima na filimbi shingoni. Alimkuta Mama Saluni, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, amekaa kwenye benchi anabinyabinya kisigino.

"Kisigino hicho, mama. Asubuhi ukishuka kitandani unakanyaga moto."

"Umejuaje?"

"Kazi yangu ni miguu. Mguu wako umelala usingizi humo ndani ya kiatu. Lazima tuuamshe."

Mhasibu mmoja kati ya wale wakimbiaji, mtu asiyepitwa na mazungumzo ya wengine, akasimama. "Na unatoza ngapi?"

"Sitozi kitu."

Mhasibu akaketi palepale na kuanza kufungua kamba za viatu. Alikuwa na goti linalouma, lakini hata lisingeuma angeketi.

Hapa msimulizi anaomba msomaji avue kofia, maana tunaingia kwenye taaluma. Kila ushauri ambao Sharubati aliwapa wakimbiaji, ambao baada ya siku chache wote walikuwa wanafunzi wake, ulikuwa na sababu ya kiwizi nyuma yake. Aliwaambia watembee peku kwenye nyasi, kidogo tu kwanza, kisha waongeze polepole, ili wazoee kumwachia viatu bila kumshuku. Aliwaambia wakimbie taratibu, na anayeshindwa kuongea huku anakimbia apunguze, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hoi kabla hawajafika kona ya kwanza na hakutaka wamwache. Aliwaambia penye maumivu wapumzike, wasijilazimishe, maana siku za mapumziko alilala hadi jua linachoma.

Hakuna aliyeshangaa kuliko yeye walipoanza kupona. Mama Saluni aliacha kuchechemea. Goti la mhasibu likanyamaza, na mhasibu mwenyewe, kwa bahati mbaya, akazidi kuongea. Nyayo zilizokuwa laini kama za watoto wachanga zikakomaa hadi zikawa zinapita juu ya vijiwe bila habari. Watu wakamwita Mwalimu, na alipoitwa hivyo Sharubati alihisi kitu kifuani ambacho hakukijua, akakidhania kiungulia.

Mwezi ukafika ukingoni. "Leo," akatangaza, "viatu vyote ndani ya gunia hili, tusivione hata kwa macho. Laleni chali. Fumbeni macho. Vuteni pumzi mpaka niwaambie basi."

Wakalala. Sharubati akajipachika jozi ya mhasibu, iliyokuwa nzuri kupita zote na ndogo kupita mguu wake, akabeba gunia mgongoni, na mguu niponye! Alichagua barabara ya kokoto kwa makusudi. Shemeji alikuwa anamsubiri mwishoni mwa barabara hiyo, kwenye kituo cha mafuta, na hakuna mtu wa ofisini atakayefukuza mwizi juu ya kokoto bila viatu.

"Jamani!" ikasikika sauti ya Mama Saluni. "Mwalimu anakimbia!"

"Na mzigo mgongoni!" mhasibu akapaza sauti kwa furaha. "Ndilo somo lenyewe! Twendeni!"

Wakaja wote. Walikuja taratibu, kama walivyofundishwa, wanapiga soga juu ya kokoto, na kila Sharubati alipogeuka walikuwa wamesogea. Alizidisha mbio. Vidole vilikuwa vinaungua ndani ya viatu vya mhasibu, gunia linampiga mgongo, pumzi hana. Akaiona pikapu, akapunga mkono. Shemeji akaliona kundi lote linalomfuata, akawasha gari, akala kona. Hapo msuli wa paja la Sharubati ukasema paa! Akaanguka juu ya gunia na kulia machozi ya kweli, nusu yake ya paja na nusu ya kochi.

Walimbeba kwa zamu mpaka chumba cha nyuma cha saluni. Wakamwinulia mguu juu ya taulo, wakamwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mhasibu alivivua mwenyewe viatu vyake miguuni mwa mgonjwa, machozi yakimlengalenga. "Amevivaa ili ajue vinanibana wapi. Mwalimu gani mwingine angefanya hivi?"

Walipotoka, Mama Saluni akafunga mlango.

"Yule mwenye pikapu ni nani yako?"

"Pikapu gani?"

"Uliyoipungia mkono ikakukimbia."

Sharubati akatazama dari. "Shemeji."

"Nilijua. Ila kisigino changu kimepona, na sijui ulifanyaje."

"Hata mimi sijui, mama."

"Basi utaendelea hivyo hivyo kutojua. Paja likipoa, kila asubuhi uko uwanjani, na hutozi kitu, kama ulivyosema kwa kinywa chako. Utalala humu. Mchana utafagia nywele."

Kwa mara ya kwanza maishani ulimi wa Sharubati haukumletea neno tamu hata moja.

"Na nikitoroka?"

Mama Saluni akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Toroka, Mwalimu. Tutakuja wote."