Malalamiko ya Mume Aliyeambiwa Asubiri Nje

Kibwana Boga,
Kikoneni, Kwale.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Udaktari.

MINTARAFU: SOMO LA KUZUNGUMZA NA WAGONJWA, AMBALO NAOMBA LIFUTWE

Bwana Mkuu,

Nakuamkia kwa heshima zote unazostahili, na nyingine za akiba.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mkulima wa hapa Kikoneni. Zamani nilikuwa nyapara wa wakata miwa kule Ramisi. Nilikuwa na watu mia na ishirini chini yangu, na hakuna hata mmoja aliyepata kusema na ofisi isipokuwa kwa kinywa changu. Aliyeumwa na jino nilimsemea, aliyefiwa nilimsemea. Sitaji haya kwa kujisifu, bali ujue kwamba anayekuandikia si mgeni katika kazi ya kusema.

Nina mke mmoja, Mbeyu, na kwa miaka thelathini na minne nimemsemea hospitalini bila lawama kutoka kwa yeyote. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Tunaingia, daktari anauliza "Nini?" huku akiandika, mimi najibu, anachana karatasi, tunatoka. Dakika tatu. Daktari hakuwahi kumwona Mbeyu usoni, wala Mbeyu hakuwahi kumwona daktari ila utosi, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu.

Utaratibu huo umevunjwa na chuo chako. Nimearifiwa kwamba mna somo zima la kuwafundisha wanafunzi wa udaktari namna ya kuzungumza na wagonjwa. Madhara yake ni haya:

1. Mwezi wa pili nilimpeleka Mbeyu hospitali kwa ajili ya mgongo, ambao tulikuwa tumeutibu miaka miwili. Tukamkuta msichana wa kanzu nyeupe. Akasimama, akasema, "Shikamoo mama. Mimi naitwa Twaiba, ni mwanafunzi wa udaktari. Ungependa nikuite nani?" Mimi nikaitikia marahaba, kwa mazoea. Akatabasamu, akaniamkia na mimi, wa pili. Kisha akarudi kumtazama Mbeyu, akingoja jina.

2. Akavuta kiti akakaa. Hili naomba ulitazame kwa makini. Daktari aliyesimama ana haraka, na mgonjwa anamhurumia. Daktari aliyekaa hana haraka, na mgonjwa akishaliona hilo huanza kukumbuka mambo.

3. Akauliza, "Mama Mbeyu, ni jambo gani linalokusumbua zaidi?" Mbeyu akanitazama mimi, kama desturi. Nikasema, "Mgongo." Twaiba akasema, "Ahsante, baba," kisha akanyamaza. Akaendelea kumtazama mke wangu kwa muda wa kutosha mtu kumenya chungwa na kulimaliza. Nimeambiwa kwamba kunyamaza huko kunafundishwa darasani na kutahiniwa. Yaani kuna mwalimu anayelipwa mshahara kuwafundisha watu kunyamaza, jambo ambalo wakata miwa wangu walilijua bila ya kwenda shule.

4. Baada ya hapo akaniomba nisubiri nje. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ndiye ninayeujua ugonjwa. Akasema, "Nitakuja kukuuliza, baba. Kwanza nataka kumsikia mwenye mwili." Bwana Mkuu, nimelipia mahari mwili huo, nimeulisha, nimeusemea tangu ukiwa na miaka ishirini na mitano. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi nikiwa nimeshika mkoba wa mke wangu, na watu wakanipita wakiuangalia.

5. Waliongea nusu saa. Mbeyu alimwambia kwamba kwa miaka miwili alikuwa akitokwa na damu, naye ada yake ya mwezi ilikoma zamani. Sitaki useme kwamba nilikuwa sijui. Alikwisha kuniambia mara moja, jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba mambo ya kike yamemrudia. Neno kama hilo halisemeki mbele ya daktari mwanamume, kwa hiyo mimi nikalifasiri, likawa mgongo. Na mgongo ulitibiwa vizuri sana. Tulipewa vidonge, tukapewa dawa ya kuchua, tukashauriwa asibebe maji. Madaktari wanne walipokea tafsiri yangu na hakuna aliyeikosoa.

Twaiba akamwita mkubwa wake, mkubwa akampima, tukatumwa Mombasa. Walikuta uvimbe wa saratani katika mji wa mimba. Walisema haujasambaa, lakini ungengojewa mvua nyingine tu, ungesambaa. Wakautoa. Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo, amerudi shambani, anapalilia mihogo na kuniambia nilipokosea kupalilia mimi.

Naomba nieleweke. Siyapingi matokeo. Ninalalamikia njia.

6. Ugonjwa umeondoka, somo limebaki nyumbani kwangu. Kabla ya kumruhusu aondoke, Twaiba alimwambia, "Mama, nieleze kwa maneno yako mwenyewe ulichokielewa." Mbeyu ameipenda sentensi hiyo kuliko zawadi yoyote niliyopata kumnunulia. Wiki iliyopita alinieleza habari fulani ya binti yetu Yusra na mumewe. Mimi nikawa natikisa kichwa, kama ninavyotikisa siku zote. Alipomaliza akasema, "Kibwana, hebu nieleze kwa maneno yako nilichokwambia." Sikuwa na maneno yangu, Bwana Mkuu. Sikuwa hata na yake. Ikabidi aanze upya, na ndipo nikajua kwamba binti yangu amekuwa akilala kwa shangazi yake tangu Ramadhani.

7. Habari zimeenea. Wanawake wa hapa sasa hukataa kusemewa. Jirani yangu Mramba, ambaye alimsemea mkewe mpaka siku ya kujifungua, naye ametolewa nje. Ukifika hospitali siku ya kliniki utaona benchi limejaa waume, kila mmoja ana mkoba mapajani. Hatuongei. Tunaogopa tukianza kuongea tutaulizana hali.

Hata madaktari wa zamani wameambukizwa. Yupo mmoja ambaye miaka yote tulipendana bila kutazamana. Juzi kaweka kalamu chini, akaniuliza, "Mzee, unaitwa nani?" Nilidhani nina kesi.

8. Nilikuja chuoni kwako mwenyewe kushitaki. Mwalimu wa somo hilo, Bi. Cynthia Kahaso, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililoniudhi, kwa kuwa nilikuwa nimejitayarisha kukatizwa. Kisha akaniomba nimsaidie darasani. Hutumia watu wa kawaida kuigiza ugonjwa ili wanafunzi wajifunze kuuliza. Akasema, "Chagua ugonjwa wowote, baba. Buni tu."

Nikachagua koo. Wakanikalisha mbele ya kijana mmoja, Tsuma. Nikamwambia chakula hunikwama hapa, chini kidogo ya shingo. Akaniuliza kilianza kukwama chakula gani. Nikasema nyama, halafu muhogo, halafu wali, na sasa ni uji peke yake. Akaniuliza nyumbani nimesemaje. Nikasema nimewaambia ni meno. Akauliza, "Na nani anayejua ukweli, baba?" Nikasema hakuna. Naye akanyamaza, vile vile kama yule msichana. Darasa zima likanitazama, watu thelathini na zaidi.

Yaliyofuata sitayaandika. Itoshe kwamba Bi. Cynthia alinipa kitambaa chake, na baadaye akawaambia wanafunzi kwamba hajapata mtu anayeigiza vizuri namna ile. Nililetewa soda na mahamri mawili. Mahamri sikuyagusa.

Kwa sababu hizo, kwa unyenyekevu, naomba yafuatayo:

Kwanza, kunyamaza kuondolewe katika mtihani. Mwanafunzi atakayenyamaza zaidi ya pumzi mbili ahesabiwe ameshindwa.

Pili, viti vya madaktari viondolewe vyote, au vikatwe mguu mmoja.

Tatu, pawe na somo la kuzungumza na waume, ambalo mimi niko tayari kulifundisha bila malipo, kwa kuwa yote ninayoyajua yanaingia katika kipindi kimoja.

Nne, Bi. Cynthia ahamishiwe Mackinnon Road, kando ya barabara, ambako malori yatamsaidia asisikie kila anachoambiwa.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mabawabu na yule mama wa maktaba aliyenionyesha njia. Nisalimie Twaiba, lakini kwa ufupi. Wazazi wake wafikishie pongezi zangu pamoja na malalamiko yangu, kwa mpangilio wowote utakaoona unafaa.

Ni mimi, katika heshima na masikitiko,

Kibwana Boga.

Tanbihi: Bwana Mkuu, ule ugonjwa sikuubuni. Huu ni mwezi wa nne tangu chakula kianze kunikwama. Leo asubuhi nilimsomea Mbeyu barua hii ili anisahihishie tarehe, na nilipofika nambari ya nane akaniambia niisome tena, polepole. Kisha akaingia ndani akatoka na kadi yangu ya hospitali, ambayo mimi sikujua iliko. Tutafika hospitali Jumatatu, saa mbili. Tafadhali Tsuma awepo, pamoja na mkubwa wake. Mbeyu ataingia pamoja nami, kwani nimemwomba. Na zile hatua nne nilizoziomba hapo juu, naomba zisichukuliwe kwanza, hadi watakapomaliza na mimi.