Injini ya Bwana na Chumvi ya Tanga

Jumanne, 9 Septemba 1913. Korogwe.
Bwana wa shamba la mkonge amerudi na treni kutoka Tanga. Ameleta injini ndogo ya kuning'iniza nyuma ya mashua! Inasukuma mashua bila kasia. Nimeduwaa. Aliichezesha baharini, sasa anaitaka hapa mto Pangani. Akauliza nani anajua injini. Mbaruku, mtunza ghala, alikuwa bado anajikohoza. Nikamtangulia. Nikasema nazijua tangu utotoni. (Niliwahi kupaka mafuta cherehani ya mke wa mchungaji.) Nimepewa kofia yenye utepe! Agizo: niiwashe ndani ya pipa la maji ya mto, ivute na kutema, mpaka chumvi ya bahari itoke yote. Chumvi hula chuma kwa ndani. Jumapili Bwana anampandisha mashuani mgeni wake Mdachi kutoka Handeni.

Jumatano, 10 Septemba.
Pipa limejaa. Nimevuta kamba ya kuwashia mpaka bega limeuma. Kimya. Ghafla ikanguruma, kamba ikanichapa usoni! Chuma kinampiga mtu mzima! Nimejificha nyuma ya ghala mpaka iliponyamaza. Kamba siigusi tena. Nimeiosha nje kwa sabuni, nikaipaka mafuta ya nazi. Bwana amepita, amesifu. Mbaruku akauliza kama maji yalitoka kwenye kitundu cha pembeni. Nikasema yalitoka kama mbuzi akojoavyo. Akaniangalia sana. Wivu tu.

Ijumaa, 12 Septemba.
Nimepata akili. Juu ya injini kuna mdomo wenye kifuniko. Basi chumvi ifuatwe huko! Nimemimina maji kata kwa kata. Chini hayatoki. Juu yakafurika, na harufu ya petroli. Kumbe ni tangi! Mbaruku akaja, akasema tuyamwage yote, tulikaushe kabla Bwana hajajua, atanisaidia. Anaitaka kofia huyo. Nimemfukuza. Nimeitikisa injini ili maji na petroli vizoeane.

Jumapili, 14 Septemba.
Mungu wangu. Bwana alivuta kamba, ikawaka! Ikatufikisha katikati ya mto, ikakohoa, ikazima. Mashua ikageuka ubavu, ikateremka na maji kuelekea kundi la viboko. Mgeni akapanda juu ya ubao wa kukalia. Bwana akavuta kamba tena, akavuta. Nikamshauri aongeze mafuta ya nazi. Sijui kwa nini nilisema. Mbaruku akaja na mtumbwi, akaifunga mashua kamba, akatukokota hadi ukingoni. Kiboko mmoja alikuwa ameshaachama.

Injini ikafunguliwa. Tangini maji. Ndani ya mirija, chumvi nyeupe imeganda. Bwana hakufoka. Afadhali angefoka.

"Semboja," alisema polepole, "umeosha kila mahali isipokuwa ndani."

Kofia kapewa Mbaruku. Mimi nimepelekwa kuanika mkonge.

Jumatatu, 15 Septemba.
Nimeduwaa tena! Mgeni wa Handeni ameniita. Kiswahili chake kidogo, yaliyosemwa ukingoni hakuyaelewa. Alichoona ni injini inayong'aa. Shambani kwake kuna boila, linatoa mvuke na kutetemeka, watu wote wamelikimbia. Akauliza kama ninalimudu. Nikamwambia nimezaliwa kando ya boila. Ameniajiri palepale! Mke wangu Raheli anafunga mizigo. Tunaondoka alfajiri. Njiani itabidi nimuulize mtu boila ni kitu gani.