Vidole Gumba vya Kalaba na Tonge la Bukari

Tegemezeni baiskeli zenu ukutani, enyi wanaume wa cité ya Kenya, mtaa wetu huu. Funikeni masufuria, enyi mama. Na wewe king'ora cha kiwanda, uliyezoea kutupigia kelele, leo nyamaza usikilize. Maana nasimulia vita vilivyopiganwa hapa Élisabethville mwaka wa hamsini na tatu, vita visivyo na mkuki wala bunduki, ambamo Kalaba mwana wa Chanda, Simba wa Pasi, Mnyoosha Mashati, hakufanya kitu chochote. Na hakukifanya kwa saa nzima.

Kwanza jueni aibu yake. Shujaa huyu alizaliwa na mikono isiyojua kukaa. Akisema mvua, vidole vilinyesha. Akisema treni, viwiko vilizunguka kama magurudumu. Siku alipokwenda kumposa Régine, alimsimulia baba wa binti jinsi baiskeli ilivyomtupa kwenye njia ya Karavia, na alipofika penye kuanguka, mkono wake wa kuume ukaruka, ukapiga kibuyu cha munkoyo, na bahari ile tamu ya mahindi ikafurika juu ya suruali ya misa ya Baba Mwape, mstaafu wa reli, Mtawala wa Moto na Mvuke.

“Kijana,” akanena Baba Mwape huku akikamua suruali, “miaka makumi mbili na tano nilitia makala ya moto mu mashini ya treni, na siyaona frein ya kusimamisha yenye kufa kama ya mikono yako. Mutoto utamubeba namna gani? Rudia siku ya Mungu yenye kuya. Ndugu yako mukubwa Floribert atasema, weye utaikala tu. Mukono ikiruka hata mara moja, Régine anabakia kwetu.”

Kalaba akarudi kazini akiwa amekufa nusu. Alifanya kazi kwa Madamu Delphine, mjane aliyepata kukaa Asia, ambaye kila asubuhi kabla ya kahawa huketi mkekani mbele ya sanamu ya Buda, akipumua, viganja wazi mapajani, kimoja juu ya kingine. Sasa, kwetu, mikono miwili ikipandana wazi hivyo ni adabu ya kupokea. Usipoitilia kitu, umemtukana mwenyewe. Kwa hiyo mwezi wote wa kwanza Kalaba alikuwa akimtilia mkate.

Akamweleza Madamu shida yake. Katika kueleza, akavunja kikombe.

“Kalaba, angalia Buda,” akasema yule mama. “Kuko mikono mingi. Kiganja kikisimama, kinasema usiogope. Vidole vikigusa udongo, vinaita dunia ishuhudie. Lakini hii ya mapajani ni ya kutuliza roho. Ya kuume juu ya kushoto, vidole gumba vinagusana polepole, kama unashika yai. Vikianguka, roho imelala. Vikisukumana, roho iko na kasirani.”

Siku tano shujaa akajinoa. Alikaa hivyo bombani, alikaa hivyo mbele ya pasi ya makaa, na shati moja la kitani likafa shahidi.

Ikafika siku ya Mungu, Jumapili. Floribert akasimama, akaanzia hotuba yake mbali, huko Pweto ziwani, penye samaki wa kwanza aliyevuliwa na babu wa babu yake. Nzi akaja, akatua puani mwa Kalaba, akatembelea nyusi zote mbili, akarudi puani kama mtu aliyesahau kofia. Vidole gumba vikagusana.

“Huyu mutoto wetu,” akasema Floribert, “tangu zamani iko muntu wa kimya.”

Baba Mwape akakohoa, akatazama suruali yake.

Hapo ndipo alipotokea jikoni Mama Honorine, shangazi wa Régine, Malkia wa Mwiko, akaviona vile viganja.

“Mawee!” akasema, “mumeacha mukwe anaomba tangu saa ile, hamumupe hata kitu? Ni haya kwetu.”

Akachota bukari, ugali wetu, kutoka motoni, akamtilia tonge mikononi, na moshi ukapanda kama treni ya Sakania. Kulitupa ni kuikataa nyumba. Kuruka ni kumpoteza Régine. Machozi yakashuka kwa mstari. Vidole gumba vikasukumana, vikaanguka, vikaachana kabisa. Na Floribert, badala ya kufupisha, akaongeza majina ya wajomba.

“Kalaba,” ikasema sauti ndogo ya Régine toka mlangoni, “pumua.”

Akapumua kama Madamu. Na juu ya mlima ule wa moto, vidole viwili vikatafutana mvukeni, vikakutana, vikakaa, mpaka mjomba wa mwisho akapita.

Baba Mwape akainama, akachungulia. “Moto naijua,” akanena. “Uyu amekaa nayo. Régine ni wake. Kula sasa, mwanangu, itapoa.”

Kalaba akala, akalamba vidole, akafungua kinywa ashukuru. “Baba, vile nilisikia moto—” na mkono wake wa kuume ukaruka, mpana kama mbingu, moja kwa moja hadi pale kibuyu cha munkoyo kinapokaa siku zote.

Ukapiga hewa. Baba Mwape alikwisha kukisogeza kwa mguu, chini ya kiti chake, bila kutazama.

Na iandikwe hivyo, enyi wa vizazi vijavyo: mgeni akimwaga, hufukuzwa. Kibuyu husogezwa kwa ajili ya mtoto wa nyumbani.