Vidonge vya Mama Mkwe na Majina ya Marehemu

Ijumaa, 30 Januari
Fedheha! Leo kwenye hitima ya nyumbani kwa Che Semah nilisoma majina ya marehemu kwa kichwa, bila karatasi, kama nilivyofanya miaka kumi na tisa. Nikamtaja Haji Leman. Haji Leman alikuwa amekaa mbele yangu na tasbihi yake. Akaitikia amina, kisha akaniuliza amefariki lini, mbona nyumbani hawajamwambia. Watu walicheka mpaka dua ikakatika. Deraman, ambaye hawezi kutaja hata babu yake bila karatasi, akasema kwa upole wa kinafiki kwamba umri ni umri. Nina hamsini na sita tu! Imamu ameamua: Ijumaa ijayo, kwenye hitima kubwa ya kabla ya Ramadhani, nisome tena. Nikikosea jina moja, kazi ni ya Deraman. Ya Rabi!

Jumapili, 1 Februari
Nimempeleka mama mkwe kliniki. Ana miaka sabini na minane, na kumi na minane kati ya hiyo anameza vidonge vya kisukari. Nesi Suhaila aliuliza tu kama anakumbuka kumeza. Mama akamtajia siku aliyoanza, mvua iliyonyesha siku hiyo, na shati la kuazima nililolivaa mimi kwenye harusi yangu. La shati hakuulizwa. Nesi akacheka, akasema kuna watafiti wanaochunguza kama vidonge hivyo vinawasaidia wazee wasipoteze kumbukumbu; wengine wameona dalili, wengine hawajaona kitu. Akaendelea na mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshapata langu. Nikaomba vyangu. Akanichoma kidole. Sukari yangu ya kawaida. Alhamdulillah. Lakini mkosi gani huu!

Jumanne, 3 Februari
Mpango: niugue sukari. Siku mbili nzima vitumbua vya nazi, na chai ya maziwa ya kopo glasi nane kwa siku. Leo nimerudi kupimwa. Kawaida! Nesi akaniambia, baba, nenda nyumbani, wagonjwa wanasubiri. Kifungo cha suruali kimekatika. Mke wangu Rokiah anakishona huku akiniuliza mimba ina miezi mingapi.

Alhamisi, 5 Februari
Nimechukua vidonge vinne kwenye kopo la biskuti la mama mkwe. Nilileta istighfari, nikachukua, nikaleta tena. Akiba yake ni kubwa, hatapungukiwa. Pakiti inasema vimezwe na chakula. Lakini tumboni kukiwa kutupu, si dawa inafika kichwani haraka zaidi? Viwili leo, viwili kesho.

Ijumaa, 6 Februari
Nilianza vizuri ajabu. Majina kumi na moja, sikukosea hata moja! Deraman akaanza kunywea. Kwenye la kumi na mbili tumbo likanguruma kuliko kipaza sauti. Nikawaomba marehemu wanisubiri kidogo, nikakimbia chooni. Deraman akainuka na karatasi yake. Miwani ameiacha nyumbani! Ndipo mama mkwe akapaza sauti nyuma ya pazia la wanawake, akamwambia afuate. Majina yote arobaini na matatu, kila mmoja na baba yake, Deraman akirudia kama kasuku. Choo kina dirisha, nilisikia yote. Mwisho mama akamwombea dua mkwe wake aliye chooni, ambaye bado yu hai, akaviombea na vidonge vyake vinne, maana amevihesabu.

Jumamosi, 7 Februari
Imamu ameamua mama mkwe atataja, Deraman atarudia, mimi nitapeleka sinia za wali. Mama alinishitaki kwa simu, na Nesi Suhaila akaja hadi mlangoni kunikaripia: dawa ya mtu ni ya mtu huyo, na wala haijulikani kama inasaidia kichwa. Nilimsikiliza kwa adabu. Mama mwenyewe amenisamehe. Ameniletea uji, akasema, “Kunywa, marehemu wangu.” Moyo wangu umetulia kabisa. Vidonge ni vizuri, mama ndiye ushahidi. Mimi nilimeza vichache tu. Halafu jirani yetu Mzee Awang anameza dawa ya presha, na kwa miaka yake tisini anajua namba za simu za mtaa mzima. Kesho nitamsindikiza kliniki. Kwa wema tu.

Nimemaliza sala ya alasiri, nikawaombea marehemu wangu wote: baba, mama, babu Kassim na Haji Leman. Sikuhitaji karatasi.