Mrithi wa Ngome ya Montbrousse

Aurélien Pujol aliiona ngome juu ya kilima, akaona pia kwamba haina mlinzi, kibao wala kufuli. Alisikitika sana jinsi watu wanavyoacha mali ovyo. Ilikuwa imesimama hapo tangu enzi za vita vya msalaba; paa lilishaanguka, mnara ukabaki. Kufikia saa sita mchana Aurélien alishakuwa mrithi wa mwisho wa ukoo ulioijenga, na alishapata mnunuzi: Madamu Odette, mjane mwenye mkoba mnene.

"Babu zangu walimwagiwa mafuta ya moto kwenye lango hili," alimwambia, mkono kifuani.

"Walimwagiwa? Nilidhani wenye ngome ndio humwaga."

"Ulikuwa ugomvi wa kifamilia, madamu."

Alihitaji malipo ya awali siku hiyohiyo. Shemeji aliyekuwa akimpa mahali pa kulala alikuwa ameshamtolea sanduku la nguo nje.

"Nanunua," alisema Odette. "Ila hapa kwetu mtu hauzi ukuta kimyakimya. Twende mgahawani, useme mbele za watu kwamba ni yako. Hundi utaipata palepale."

Mgahawani watu walikuwa wanakula bata kwa dengu. Mmoja wao alikuwa askari wa kijiji, kitambaa cha kulia shingoni. Aurélien alipunguza mwendo. Lakini hundi ilikuwa mezani.

"Ngome ni yangu!" alitangaza. "Ilikuwa ya baba yangu, na ya babu yangu!"

Watu wakapiga makofi. Mwokaji mikate akafuta machozi. "Miaka yote hii tunakutafuta, ndugu yangu!"

"Mnanitafuta?"

Odette akafungua mkoba, akatoa utepe wa umeya wenye rangi tatu, akajivika. "Mawe yako yanaangukia barabara yetu. Juzi yaliua mbuzi. Na jengo la kale lililosajiliwa, mwenyewe ndiye analitengeneza. Sheria hiyo."

"Aa, mama, nilikuwa natania. Si yangu."

Askari hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Sasa ulikuwa unamuuzia nini?"

Vijiko vyote vilisimama.

"Amua, mwanangu," alisema meya kwa upole. "Mwenye ngome, au mwizi?"

Aurélien aliutazama mlango. Mwokaji alikuwa ameuegemea, na alikuwa mtu mpana.

"Ni yangu," alisema. "Ila sina hata senti."

"Mikono unayo," alisema meya, akairudisha hundi mkobani.

Askari akavuta kiti, akamsogezea sahani. "Kula kwanza, bwana mkubwa. Chokaa ni nzito, na ngazi ni ndefu."