Samurai wa Mwalimu Wasike

Jumamosi, 9 Juni 1979

Nimekufa tena. Mara ya nne tangu Pasaka. Safari hii ni buibui mkubwa kama ng'ombe.

Tunacheza kila Jumamosi mchana sebuleni kwa Balwant, fundi wa trekta, ambaye ndugu yake alimletea mchezo huu kutoka Uingereza. Hauna ubao. Kila mtu ana karatasi yenye mtu wake wa kubuni. Balwant anasimulia kilichoko mbele yetu, sisi tunasema tutafanya nini, na dadu zinaamua nani atapona. Mtu wangu huwa mpiganaji. Mpiganaji hupiga, hupigwa, hufa. Kipkemei, daktari wa mifugo kutoka Njoro, ni mchawi. Anakaa nyuma, anarusha moto, anakula sambusa. Hajafa hata siku moja.

Baada ya buibui niliulizwa kama naweza kwenda jikoni kuangalia chai, kwa kuwa sasa sina kazi. Nilienda.

Jumapili, 10 Juni

Wazo limenijia kanisani, wakati wa matangazo. Mchezo una aina chache tu za watu: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi. Hauna samurai. Nitamuunda mimi, na kwa kuwa nimemuunda mimi, atakuwa wangu.

Nina ujuzi wa kutosha. Nafundisha Japani kidato cha tatu: mpunga, chuma, bandari. Samurai hawamo kwenye silabasi, lakini nimewaona katika sinema mbili.

Jumatano, 13 Juni

Kurasa kumi na moja. Samurai ana panga mbili na hupiga mara mbili mahali mpiganaji hupiga mara moja. Haogopi kitu. Ana mtumishi wa kumbebea mavazi ya vita, asiyelipwa na asiyesema mpaka aulizwe. Ili watu ovyo wasiingie, nimeandika kwamba samurai lazima awe na nguvu kumi na sita au zaidi, kwa kurusha dadu tatu.

Mwishoni nikaongeza sheria ya heshima. Samurai akisema uongo hata mara moja, anapoteza bwana wake, cheo chake na panga zote mbili, na hazirudi. Inapendeza kusoma, na mimi haitanisumbua. Sina tabia ya uongo.

Mwalimu mkuu aliingia nikiwa ukurasa wa tisa. Nikamwambia natunga mtihani. Alikuwa amekuja kutangaza kwamba Kinyanjui ndiye naibu wake mpya. Kinyanjui, ambaye nilimfundisha mimi kupanga ratiba. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Jumamosi, 16 Juni

Balwant alinawa mikono kwanza, ndipo akazishika kurasa zangu. Akasoma zote. Akasema hajaona sheria zilizoandikwa kwa uangalifu namna hii, hata zile za Uingereza. Nilitazama dirishani kidogo, macho yalikuwa yananiwasha.

Kisha akasema aina mpya ni ya wote, kwa hiyo kila mtu arushe dadu.

Mimi: tisa. Nikalalamika kwamba meza imeinama. Wakaweka gazeti chini ya mguu wake, nikarudia: nane. Kipkemei: kumi na moja. Parvin, ambaye anauza dawa katika duka la baba yake na siku zote huwa kasisi wa kututibu, alirusha mara moja tu huku akitafuta penseli yake. Kumi na saba.

Hakuwa hata na hamu. Aliniambia, "Mwalimu, samahani," kama mtu aliyekukanyaga mguu.

Mimi nilikuwa bado maiti wa wiki iliyopita, sina mtu. Balwant akafungua ukurasa wa nane, akaona mtumishi, akanipa huyo. Nimebeba mavazi ya vita ya Parvin mchana kutwa. Nilisema mara mbili tu. Mara ya pili Kipkemei alinikumbusha kwamba sijaulizwa.

Jumatatu, 18 Juni

Nimepata dawa ya Parvin. Dawa ni ile sheria ya heshima.

Nilipita karakanani kwa Balwant baada ya vipindi. Nikamshauri kwamba ngome tunayoielekea, alimofungwa bwana wa samurai, iwe na lango, na langoni pawe na mlinzi anayeuliza wageni kama ni adui. Akasema ni wazo zuri sana, akaliandika kwenye boksi la mikanda ya feni ya trekta.

Parvin akisema kweli, tunakamatwa sote kwa kosa lake. Akidanganya, panga zinakwenda. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 23 Juni

Mlinzi aliuliza. Parvin akaweka penseli chini.

"Sisi ni adui zenu," akasema. "Tumekuja kumchukua bwana wetu mliyemfunga. Nitaingia peke yangu, bila panga. Hawa waacheni waende zao."

Hata Kipkemei aliacha kutafuna. Balwant akarusha dadu, akaitazama sana. Mlinzi akafungua lango. Bwana akatolewa bila tone la damu. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nje, na mavazi.

Halafu Parvin akanisukumia karatasi yake. Akasema samurai ni wa mwalimu, yeye alimtunza tu, anapenda zaidi ukasisi wake. Niliipokea kabla hajamaliza sentensi.

Mchezo ukaendelea, tukaingia karamu ya ushindi. Balwant, kwa sauti ya yule bwana aliyeokolewa, akauliza ni nani aliyelifungua lango. Nikasema ni mimi.

Balwant akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma wosia. Nilikuwa samurai kwa dakika nne. Nikasema sheria hii imeandikwa vibaya. Kipkemei akauliza imeandikwa na nani.

Nilitoka bila kuaga. Kurasa nikaziacha.

Jumapili, 24 Juni

Parvin amekuja nyumbani na kurasa zangu, amezitoboa na kuzifunga kwa uzi. Akakaa, akanywa chai. Akasema wamezungumza. Balwant amechoka kusimulia, naye anataka kucheza kama wengine, na wote watatu wanaona anayefaa kuushika mchezo ni mimi.

"Lile lango lilikuwa lako, Balwant alituambia," akasema. "Ni siku nzuri kuliko zote tulizocheza. Tunataka utusimulie wewe, mwalimu."

Nilimwelewa mara moja. Anayesimulia hana mtu wake. Hana panga, hana ushindi. Ni ujanja wa kunitoa kwa adabu, ule ule wa ofisini, na wamemtuma Parvin kwa sababu ana uso wa huruma. Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha. Akatazama meza tupu, akasema haya, nikibadili nia nipite dukani. Hakumaliza chai.

Sasa niko kazini. Natunga aina nyingine ya watu, wanaitwa ninja. Ninja anaruhusiwa kusema uongo, tena anapewa pointi. Hana bwana, hana rafiki. Nimemwandalia sumu za aina saba, na ya kwanza inawaua makasisi tu.