Kamati ya Kumbakiza Nesi Martina

Wananchi wanatangaziwa kwamba tatizo la manesi kukimbia kazi lilikwisha rasmi siku lilipoundiwa Kamati. Nasema kwa uhakika, maana mimi ndiye Katibu.

Ilikuwa miaka ile hospitali za watu binafsi ziliporuhusiwa, na manesi wakaanza kuzifuata mjini kimyakimya. Katika zahanati moja ya kijijini, mbele ya Mitundu, alibaki Martina peke yake, naye alikuwa ameomba uhamisho. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Paskali, akaona twende tukamtie moyo.

Tulimkuta akimzalisha mama mmoja, Lea, tukasubiri kizalendo. Alipotoka alimwamkia Mwenyekiti shikamoo, akahutubiwa kuhusu wito na kujituma, akakabidhiwa khanga ya pongezi. Akashukuru. Kisha akasema nyumba yake inavuja, mlango haufungi, na mumewe, mwalimu, yuko Manyoni. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba hayo ni matatizo. Sisi tulikuja kwa ajili ya motisha.

Mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope. Asubuhi yake Mwenyekiti akaamka na malaria kali. Kitanda cha zahanati kilikuwa kimoja, na Lea alikuwa juu yake na kichanga chake. Nilitaka kumwomba apishe kwa masilahi ya taifa. Martina akanitazama, nikaghairi.

Basi Mwenyekiti akalazwa nyumbani kwa Martina, akatundikiwa dripu ya kwinini. Paa likamvujia usoni. Tukasogeza kitanda, tone nalo likahamia huko. Nikashika mwavuli, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mikono kufanywa na Kamati.

Lea alikuja kumjulia hali, mtoto mikononi. Akasema, "Nesi wetu tunampenda, mzee. Ila kupenda hakuzibi paa."

Martina alipochukua ndoo kwenda kisimani, Mwenyekiti alidhani ndiyo anaondoka. Akamshika upindo wa gauni.

"Mwanangu, usiniache humu."

"Sikuachi, mzee. Ila mimi nalala humu kila siku."

Machozi yakamlenga Mwenyekiti. Kisha akaamuru mabati ya jengo jipya la Kamati yaletwe pale, na yule mwalimu ahamishiwe shule ya kijiji. Nikamkumbusha kwamba kikao hakijatimiza akidi. Akaniambia nishike mwavuli vizuri.

Mabati yalikuja. Wanakijiji wakaezeka, fundi Filipo akatia kitasa, mwalimu akashuka na godoro lake. Martina akafuta ombi la uhamisho. Taarifa yetu inaeleza kwamba alibakizwa na hotuba.

Mheshimiwa Paskali alipopona aliomba kuhamia Dar es Salaam kutokana na mazingira magumu ya kazi. Kwa kuwa hatuwezi kumpoteza kiongozi mzoefu, Kamati inatafuta vivutio vya kumbakiza. Tulikwenda kwa Martina kuomba ushauri wa kitaalamu.

Alisema ana wagonjwa. Tukae kwenye benchi, tupange foleni.